Kutafuta Kibanda cha Polisi Tukiwa Jeddah

Mama yangu alifariki katika siku ambazo kazi yangu ilikuwa kutafuta vibanda vya zamani vya polisi wa Uingereza. Najua inavyosikika. Mtu anakwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, halafu anakuja kuwaeleza watu habari za vibanda. Lakini ndivyo nilivyoshinda alasiri zile, kwenye sebule ya ghorofa ya tatu mjini Jeddah, tableti mapajani, na mzee kando yangu akiniamuru nigeuke kushoto.

Mzee huyo nilimwita baba. Alikuwa mzazi wa kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini. Kafili na mkewe, madam, walikaa Riyadh, na huko ndiko nilikoanzia, nikifua na kupika na kufuta vumbi ambalo kesho yake lilikuwa limerudi palepale. Baba aliichukia Riyadh. Alisema hewa yake inamkausha koo na watu wake hawajui samaki. Mwishowe mwanawe alichoka kubishana naye, akamrudisha Jeddah alikozaliwa, na mimi nikafungashwa pamoja naye kama sufuria.

Ujanani alisomea uhandisi Edinburgh. Uzeeni mikono yake ilitetemeka, kwa hiyo vidole vya kugusa kioo vikawa vyangu. Tuliongea Kiingereza, chake kikiwa na mikwaruzo ya huko Skotlandi, na akichoka aliniingiza kwenye Kiarabu bila kuniaga.

Siku ya kwanza aliponionyesha picha ya kibanda nilimwambia, "Baba, hiki ni choo." Alicheka mpaka nikakimbilia maji. Kisha akanieleza. Zamani, kabla askari hawajapewa redio za mkononi, kila mmoja alikuwa na mitaa yake ya kuzunguka kwa miguu, na kibanda ndicho kilikuwa ofisi yake. Ndani mlikuwa na simu ya kwenda kituoni, kiti, mahali pa kuandikia na hita ndogo ya umeme. Juu palikuwa na taa. Wakubwa wakimtaka, taa iliwaka na kuzimika mpaka aione huko aliko. Mwananchi mwenye shida naye aliweza kuitumia simu hiyo kuita msaada. Vya London vilikuwa vya buluu, na vya Glasgow, alisema, vilianza vikiwa vyekundu. Vya Edinburgh vilikuwa vya chuma, vizito, vimenakshiwa kama mlango wa benki. Redio zilipoingia, vibanda vikakosa kazi. Vingi viling'olewa. Vilivyobaki Edinburgh viliuzwa, na leo watu wanauzia kahawa humo.

Basi tulitembea mji ule kwenye zile picha za barabara zilizomo kwenye ramani za mtandao. "Yalla, mbele. Kushoto. Simama." Ukutani tulikuwa na ramani kubwa ya karatasi, na kila tulipokipata kibanda nilichomeka pini: nyekundu kama bado kimesimama, nyeupe kama kimebaki kuwa nafasi tupu kwenye kona. Nilizijua bucha na vinyozi wa mji ambao sitaufikia. Baba alikitazama kila kibanda kwa muda mrefu, halafu akasema, "Si hiki." Sikumuuliza anatafuta kipi. Kazi ni kazi.

Simu ya mdogo wangu iliniingia nikipiga pasi kanzu za baba.

"Mathe ametuacha," akasema.

Nikamwambia sawa. Nikamaliza kanzu ile, nikaanza nyingine. Msinipe sifa ya ushupavu. Sikusikia chochote, hivyo tu, kama jino lililochomwa ganzi.

Kwetu ni magharibi mwa Kenya, na huko maiti hawaharakishwi. Mama alilazwa mochari, mazishi yakapangwa Jumamosi ya wiki iliyofuata ili walio mbali wafike. Mimi ndiye kifungua mimba. Wa mbali kuliko wote nilikuwa mimi, na walikuwa wananingoja. Lakini ili nitoke Saudia nilihitaji ruhusa ya kutoka na kurudi, na ruhusa hiyo hutolewa na kafili peke yake.

Nilimpigia madam siku ileile, aniombee kwa mumewe. Nilipotamka kwamba mama amekufa, alinimwagia pole, na alikuwa analia kweli, maana si mtu mbaya. "Halas, habibti," akasema, "imekwisha, sasa amepumzika. Imebaki kumwombea dua tu." Kwao mtu akifa asubuhi, alasiri yuko chini ya udongo. Haikumpitia akilini kwamba kuna mwili mahali fulani umelala unangoja. Hakuninyima ruhusa. Alinihurumia kama mtu aliyechelewa tayari. Nami, badala ya kumweleza, nikasema, "Shukran, madam," nikakata. Jioni madam alimpasha baba habari, naye akanipa pole.

Ningeweza kupiga tena. Kila nilipoishika simu niliona ni mzigo mrefu mno kueleza, mochari ni nini, kwa nini tunaweka watu humo, kwa nini Jumamosi. Nikairudisha mfukoni. Hasira yangu, ambayo kwa kawaida haingoji kuitwa mara mbili, ilikuwa imelala fofofo.

Mdogo wangu alipiga kila siku.

"Umeuliza?"

"Bado."

"Sasa wewe unangoja nini? Kamati wanataka kuchapa programu. Tuandike utakuwepo ama hutakuwepo?"

"Andikeni vile mnaona."

"Aki wewe! Huyu ni mathe, unajua?"

Nilijua. Alikata simu akilia, nami nikaenda kumchemshia baba chai, nikafungua tableti, tukaingia Edinburgh.

Alasiri moja, siku chache kabla ya Jumamosi hiyo, tulifika kwenye barabara inayoteremka. Kwenye kona palikuwa na kanisa la mawe meusi, na mbele ya kanisa kibanda, kimepakwa rangi mpya, msichana ameinama dirishani anampa mtu kikombe. Baba akanishika kifundo cha mkono.

"Rudi nyuma. Geuka. Hapo. Simama."

Nikasimama. Alikaa akikitazama kile kibanda mpaka nikadhani amelala macho wazi. Kisha akaanza kusema, bila kunitazama.

Alikuwa mwanafunzi. Telegramu ilimfikia kutoka Jeddah kwamba mama yake amefariki. Alitoka chumbani bila koti, akatembea tu, mvua inamnyeshea, hajui anakokwenda, mpaka askari mmoja akafungua mlango wa kibanda na kumvuta ndani kwa kola ya shati. Kiti kilikuwa kimoja. Askari akamkalisha yeye, mwenyewe akasimama mlangoni nusu yake ikilowa. Akammiminia chai kutoka kwenye chupa yake. Akamuuliza kulikoni.

"Nikamwambia mama yangu amekufa. Unajua aliniuliza nini? Mazishi ni lini." Baba akatoa kicheko kidogo. "Akasema, kijana, ziko ndege kutoka London, omba ruhusa chuoni, utawahi. Akashika simu ile, akawasumbua wenzake kituoni wamtafutie saa za treni ya kwenda London. Nami sikuweza kumwambia kwamba mama alizikwa kabla hata telegramu haijaandikwa. Nilimwacha ahangaike. Nilimwacha kwa sababu, kwa ile dakika anaongea, ilikuwa kama kweli nitawahi."

"Kaburi lake liko wapi, baba?"

"Silijui. Yuko makaburini huku, si mbali na mji mkongwe wa Balad. Sisi hatuandiki majina juu ya makaburi. Waliomzika nao wamekwisha." Akakionyesha kibanda kwa kidole. "Nina hapa tu."

Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma. Nikachukua pini nyekundu nikaikamata, nikingoja aniambie nichomeke. Alikuwa amenigeukia.

"Mama yako," akasema. "Nyinyi ni Wakristo. Wamemzika?"

"Bado, baba."

"Lini?"

"Jumamosi."

"Jumamosi ipi?"

"Hii."

Akatamka neno la Kiarabu ambalo sitaliandika. "Kwa nini hukusema?"

Nikamjibu kwamba sijui.

Akaniambia nimpigie mwanawe na niweke sauti nje. Waliongea Kiarabu cha haraka, lakini nilikuwa nimekaa huko muda wa kutosha kufuata. Kafili alishangaa: hajazikwa? Nyuma yake nikasikia sauti ya madam, "Hajazikwa? Ya Allah, na mimi nilimwambia halas!" Kisha kafili akauliza, kwa adabu, kwamba je, baba atabaki na nani.

"Nitabaki peke yangu," baba akasema. "Nilikuwa naishi peke yangu kabla hujazaliwa. Mpe ruhusa sasa hivi, na simu usikate mpaka umalize."

Ruhusa ilitoka na tiketi ikakatwa kabla chai haijapoa. Nilimpigia mdogo wangu. "Nakuja," nikamwambia. "Msizike." Alipiga ukelele, na watu waliokuwa naye wakadhani kuna msiba mwingine. Mimi nilikaa kitandani nikangoja machozi. Hayakuja. Nikafunga mkoba. Kwenye ndege nilikula chakula chote walichoniletea, nikalala. Nyumbani shangazi zangu walinipokea kwa vilio, nami nikasimama katikati yao kama mgeni aliyekosea boma. Nilimsikia mmoja akinong'ona kwamba Saudia imenifanya jiwe. Sikumlaumu.

Ijumaa tulikwenda mochari, mimi na mdogo wangu, kumvalisha mama. Mhudumu aliyevaa gambuti alimtoa, akatuachia nafasi. Mdogo wangu alishughulika na gauni na vifungo. Mimi nilipewa soksi. Nikamshika mguu mama, na mguu ulikuwa baridi, nami bila kufikiri nikaanza kuusugua kati ya viganja vyangu ili upate joto kabla sijamvalisha.

"Ana baridi sana," nikamwambia mdogo wangu.

Aliacha vifungo. "Najua," akasema.

Nikaendelea. Nilisugua mguu wa kwanza, nikahamia wa pili, na ubaridi ule ukaniingia vidoleni, ukapanda mikononi, ukaanza kuuma, kuuma kabisa, mpaka nikasikia mtu analia kwa sauti mbaya humo ndani na kumbe ni mimi. Mhudumu akachungulia mlangoni akasema pole, lakini tuharakishe, kuna familia nyingine inangoja nje. Sikuharakisha. Nilikuwa nimewahi.