Mifupa Niliyoivuna Kama Viazi

Mwanangu, kuna asubuhi moja ambayo hata leo nikiikumbuka najishika kichwa. Ilikuwa miaka ya tisini, mimi msichana wa miaka ishirini na miwili, nimetoka hapa Kibirichia kwenda Turkana kufanya kibarua kwa watafiti wa mifupa ya dinosaria. Hao ni wanyama wakubwa walioisha duniani zamani sana, mifupa yao ikageuka mawe.

Msimamizi wetu alikuwa Mzee Njeru, mtu wa Mbeere, kule Embu. Maneno yake yalikuwa machache. Siku ya kwanza aliniambia mfupa hautolewi mpaka uchorwe kwenye ramani na kupewa namba. Nikaitikia. Lakini moyoni nilisema huyu atanifundisha nini kuhusu kuchimba, na mimi nimezaliwa shambani?

Basi asubuhi hiyo nikawatangulia wenzangu, wao bado wako kwenye chai. Nikakuta mgongo wa mnyama umejitokeza, mifupa mizima, haina hata ufa. Nikafanya vile tunavyofanya na viazi: nikaing'oa, nikaipangusa udongo, ile mizuri yote nikaitia gunia moja. Kumi na minne. Nikaibeba hadi kambini kichwa juu, nikingoja kusifiwa.

Mzee Njeru akachungulia ndani ya gunia.

"Kawira, umetuletea mawe," akasema. "Mnyama umemwacha wapi?"

Nililia, sikufichi. Akanieleza kwamba bila kujua upi ulilala kando ya upi, hakuna atakayejua kama huyu ni mnyama mmoja au ni watatu, na kazi ya msimu mzima imepotea. Hakunitukana. Alijitwika gunia mwenyewe, akasema twende tuirudishe.

Tukapiga magoti juani. Kumbe mfupa uliolala mahali pamoja muda wote huo huacha umbo lake kwenye jiwe. Tukajaribu mmoja mmoja. Huu hapa unakataa, pale unakubali. Saa nane mchana, wa kumi na nne ukaingia ukatulia. Ai, nilishusha pumzi mpaka mzee akacheka, akanipa chupa yake ya maji.

"Sasa yuko," akasema. "Lete kalamu."

Jumatatu unaanza kazi, mwanangu, na najua umesoma kunizidi. Hata hivyo, wakikuonyesha namna yao ya kufanya, sikiliza, hata kama unadhani unaijua. Na ukiharibu, usifiche wala usikimbie. Rudi palepale siku hiyohiyo, upige magoti, urekebishe kabla alama hazijafutika. Mimi niliwahi, na nashukuru mpaka leo.

Mungu akuongoze mikono. Na siku utakapokosea, maana utakosea tu, akuwekee karibu mtu wa kujitwika gunia na kukuambia twende.