Mlango wa Kibanda Kinachoelea

Baba yangu aliponunua vizimba viwili vya samaki, mama hakupinga. Alichopinga ni kibanda.

Vizimba vyenyewe ni nyavu za mraba zinazoning'inia ndani ya maji ya Ziwa Kivu, mbali kidogo na ufuo, na ndani yake huwekwa tilapia wadogo wanenepe. Katikati ya vile viwili kuna chelezo: mbao zilizopigwa misumari juu ya mapipa ya plastiki. Juu ya chelezo ndipo kibanda husimama, na ndani ya kibanda lazima mtu alale, kwa sababu samaki wasiolindwa usiku hawafiki sokoni wakiwa mali yako. Baba alitaka kuwa mtu huyo.

"Mifugo hailindwi na mutu wa kulipwa," alisema.

"Ile ni samaki, Papa," nikamwambia.

"Inakula, inanenepa, inaibiwa. Sasa ni nini, kama haiko mifugo?"

Alichunga ng'ombe huko Masisi tangu utoto hadi mvi. Vita vilipokuja ng'ombe walibaki nyuma, kwa namna ambayo kila mtu wa huku anaijua, nasi tukawa watu wa mjini Goma. Kwa miaka baba alikaa mchana kutwa juu ya jiwe la volkano mbele ya nyumba yetu ya mbao pale mtaani Mapendo, fimbo mkononi, akitazama pikipiki. Alizijua zote. Aliweza kukuambia ipi inachechemea. Mama akimnyima ruhusa ya kulala ziwani, vizimba vingepewa mlinzi na yeye angerudi kwenye jiwe lake. Hilo tulilijua sote, mama zaidi yetu, na nadhani ndiyo sababu hakusema hapana. Alisema kibanda kisiwe na mlango wowote ila ule atakaoukubali yeye.

Hofu yake ilikuwa na msingi. Baba huamka usiku na kutembea kabla macho hayajafunguka. Jirani alishawahi kumkuta ameegemea uzio wake, anawaita ndama kwa sauti ya chini.

"Hapa kwetu ukitoka hivyo, unagonga ukuta," mama alimwambia. "Kule ukitoka hivyo, unaingia mu maji. Na kuogelea haujue."

"Nitafunga mulango."

"Mulango gani?"

Hivyo tukaenda kutafuta mlango gani.

Mama alianza na wa chuma, kama ambavyo mtu yeyote wa Goma angeanza. Huku mlango wa chuma ni uso wa mwenye nyumba. Kuna watu wanaoishi katika mbao zenye nyufa za kupitisha kidole, lakini mlango wao una maua ya chuma na umepakwa rangi ya dhahabu. Fundi mmoja wa Murara, anayesali nasi kanisa moja, alikuwa ameipanga milango yake kando ya barabara, imeegemeana. Mama aliipita mmoja mmoja akitikisa makomeo. Baba alifanya kitu kingine. Aliomba kigoda, akakaa nyuma ya mlango mkubwa kuliko yote, akatega sikio.

Fundi alizima mashine yake. "Muzee, mulango inakuambia nini?"

"Hainiambie kitu. Na hiyo njo ubaya wake. Nikilala nyuma ya hii, sitasikia mifugo."

"Samaki inalia?"

"Ikitishwa na mwizi inapiga maji. Ng'ombe pia hailie kila siku, lakini pumzi yake unaisikia."

"Basi nunua dirisha, Muzee!"

Vijana wa karakana wakacheka, baba naye akacheka, lakini mama alikuwa ameshachagua: mlango wenye makomeo mawili, moja juu, moja chini. Alieleza kwamba mtu aliyelala hawezi kufungua makomeo mawili. Fundi, kwa ajili ya kanisa, akatuambia tuuchukue tukaujaribu, ukikataa turudishe.

Ulisafiri hadi ziwani juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, umelazwa kama mgonjwa. Njiani watu walituuliza nyumba yenyewe inakuja lini. Kwenye ufuo wavuvi waliutazama mlango, wakautazama mtumbwi, kisha mmoja wao akavua shati bila kuambiwa.

Mtumbwi ulifika. Tatizo lilianza tulipousimamisha mlango mahali pake. Mama alikuwa amekuja na sisi, kwa mara ya kwanza, amevaa viatu vya Jumapili kwa sababu alihesabu safari ile kuwa ya heshima. Wavuvi wawili wakainua, baba akashika bawaba, nami nikasimama upande wa pili nikitazama. Chelezo kiliinama kuelekea mlangoni, taratibu, kama mtu anayesujudu. Maji yakapanda juu ya mbao. Yakafika kwenye viatu vya mama.

Sufuria ya baba ilipita katikati yetu ikiteleza, ikatumbukia ziwani.

"Rudisheni," mama alisema.

Mlango wa mbao ulizua ubishi mwingine, na humo ndimo nilimojifunza kwamba mlango ni jambo gumu kuliko nyumba. Ukifunguka kwa nje, upepo wa ziwa unaunyakua na kukuvuta nao majini. Ukifunguka kwa ndani, unakula nafasi ya kitanda, maana kibanda chote kinaenea mtu mmoja, mbabula ya kupikia na ndoo ya chakula cha samaki. Fundi wa mbao alipendekeza mlango mwepesi wa triplai, ule ubao mwembamba wa kugandishwa. Mama akausukuma kwa kidole kimoja ukafunguka, akamtazama fundi mpaka akauondoa.

Yalipita majuma kibanda kikiwa na tundu badala ya mlango. Kijana wa jirani alilinda kwa muda, na baba akarudi juu ya jiwe. Hakulalamika. Alikula kidogo, na hakutaja tena pikipiki inayochechemea.

Kisha siku moja akapotea mchana kutwa. Alirudi jioni amebeba miti minne ya mikaratusi iliyonyooka, aliyoipata upande wa Munigi. Akaiweka mbele ya mama. Mama aliinama akaugusa mmoja. Yeye pia ni binti wa wafugaji.

"*Imyugariro*," alisema, kwa lugha ya kwao.

Ni miti inayofunga lango la zizi. Haina bawaba wala komeo. Nguzo mbili hutobolewa matundu, miti ikapitishwa kwa ulalo, mmoja juu ya mwingine, kuanzia magotini hadi kifuani. Ukitaka kutoka unavuta mti wa kwanza mpaka mwisho, unauweka chini, unarudi kwa wa pili.

"Upepo je?" mama aliuliza.

"Bashi." Alimaanisha turubai, la kushushwa kwa nje. "Inakata upepo, lakini sauti inapita."

"Na ukitembea macho ya kufunga?"

"Mama, mutu atavuta miti ine na usingizi?" baba alimwuliza.

Mama alisema tu kwamba kesho anataka kuona.

Kesho yake, saa za mchana, tulisimama tena juu ya chelezo, safari hii mama akiwa na kandambili. Miti ilikuwa mahali pake. Chelezo kilikaa sawa kama meza.

"Lala," mama akaamuru.

Baba akalala juu ya mkeka ndani. Akakoroma.

"Hapana, weye haukoromake hivyo. Koroma ya kweli."

Akakoroma ya kweli. Kisha akainuka, macho yamefungwa, mikono mbele, akaja moja kwa moja mpaka mti wa juu ukamgonga kifua. Akaupapasa. Akaanza kuuvuta. Ulikuwa mrefu, ukakwama, akaupinda, akanung'unika. Alipoufikia wa pili alikuwa ameshafungua jicho moja. Kwa wa tatu alikuwa anatukana miti, yule aliyeikata, na mwanamke aliyemwamuru kulala saa saba ya mchana. Mama alicheka mpaka akakaa chini juu ya mbao.

"Umeamuka," alisema alipopata pumzi.

"Nimeamuka toka kwa wa kwanza!"

"Basi lala huku."

Jioni ile alimfungia blanketi zito na chai ndani ya termosi, akamsindikiza hadi mtumbwini, jambo ambalo sikuwa nimemwona akilifanya tangu tulipohamia mjini. Asubuhi simu ililia kabla ya jua. Mama aliidaka. Nilingoja amwulize baba kama alipata baridi, kama alilala, kama yu mzima.

"Na mifugo," aliuliza, "imeamka je?"