Nilipoandika Majina Harusini

Mwanangu, nasikia unataka kuandika gazetini habari za wakubwa na sherehe zao. Vizuri sana! Kazi hiyo imenilisha mimi mpaka nikatunga na vitabu. Sogea basi, maana siku yangu ya kwanza naikumbuka na bado inanichekesha.

Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, njaa imepungua, na hapa Songea nyumba ya nduna mmoja, jemadari wa Wangoni, ikaoza binti. Nduna mwenyewe Wajerumani walikwisha kumnyonga, kwa hiyo harusi aliisimamia mama wa nduna huyo, bibi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Gazeti moja la pwani likataka habari hiyo. Nikaenda na kanzu mpya, karatasi mkononi, najiona kweli kweli.

Wanaume wakaanza kucheza ligihu, ngoma ya Kingoni. Mimi huyo, napita kwa wageni: "Shikamoo mzee. Jina lako nani? Unakaa wapi?" Naandika.

Loo! Ngoma ikanyamaza. Wazee wakachukua fimbo zao, wanaondoka. Bibi harusi akaanza kulia, na mimi sielewi kitu.

Yule bibi, mama wa nduna, akanijia. "Kijana, mara ya mwisho majina ya wazee wetu kuandikwa, waliitwa bomani na hawakurudi. Leo unatuandika bila hata kutuambia? Unanivunjia harusi!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikataka kuichana ile karatasi, akanishika mkono.

"Usichane. Soma, wote wasikie."

Nikasoma: ng'ombe wa mahari, kilemba cha fulani, binti alivyopendeza. Mzee mmoja aliyekuwa ameshafika njiani akageuka.

"Mbona kofia yangu hujaiandika?"

Watu wakaangua kicheko. Mwingine akadai ng'ombe mnono kuliko wote ni wake, niandike! Wazee wakarudi, kila mtu niandike, niandike! Bibi akaninyang'anya kalamu, akanisukuma katikati nicheze. Nilicheza vibaya, mwanangu, wee! Bibi harusi alicheka mpaka akashika mbavu.

Siku nyumba ile ilipoozesha binti mwingine, bibi alituma mtu: "Mwambie aje na karatasi yake. Tuone kama amejifunza kucheza."

Basi shika hili. Mtu awe mkubwa namna gani, jina lake ni lake. Mwambie unachoandika, msomee kabla hujakipeleka mbali, na akikataa, acha. Nenda, mwanangu. Mungu aibariki kalamu yako, na kila nyumba utakayoiandika ikualike tena.