Ukimya Tuliowaandalia Wageni

Kila usiku nililala katika hema tofauti, na sababu haikuwa anasa bali ukungu. Hema likikaa bila mtu, godoro linaanza kunuka, shuka zinapata madoa ya kijani, na panya wanahamia ndani ya mito. Kwa hiyo nilizunguka: leo hema la juu, kesho la katikati, kisha lile la wanandoa lenye beseni la shaba la kuogea. Asubuhi nilitandika kitanda upya kana kwamba hakuna aliyelala, nikabeba mswaki na viatu vyangu kwenda kwingine. Mama mpishi, mjane aliyetokea Buleusa, ambaye alikuwa mwenzangu pekee pale kilimani, alinitazama akiwa ameshika mwiko.

"Njo unahama tena, kaka? Weye uko mukimbizi ndani ya nyumba yako."

"Ni kazi, Mama."

"Kazi ya kulala! Na mama yako anajua kama masomo yote ile ilikuwa ya kulala?"

Jioni alishuka kijijini kwa watoto wake, nami nikabaki na mahema.

Kambi ile ilikuwa upande wa Walikale, mashariki mwa Kongo, juu ya kilima. Chini yetu kulikuwa na kijiji na mashamba yake. Nyuma yetu kijito, na ng'ambo ya kijito msitu wa gorila. Kampuni iliyoijenga ilikuwa na kambi nyingine kusini kabisa mwa Afrika, katika nyika kame ambako mvua huweza kukosa mwaka mzima. Nilipomaliza masomo ya utalii Goma, walinichukua na kunipeleka huko kwanza kujifunza.

Kule niliona mambo ambayo hadi leo nayaamini. Mchanga mwekundu hadi macho yanachoka. Mto mkavu ambao tembo huuchimba kwa miguu kutafuta maji. Choroa mmoja mmoja wamesimama kwenye joto, pembe zimenyooka, kana kwamba wameambiwa wasubiri. Wageni walikuja kwa ndege ndogo, wakapewa kitambaa baridi cha kujifutia uso, wakalala chini ya paa la turubai linalofunguka ili waone nyota. Na kwa sababu walikuja, wanaume wa vijiji vya pale waliokuwa wakiua faru sasa walikuwa na kazi ya kumfuata kwa nyayo na kumlinda. Nilimwona mmoja akimwonyesha mgeni alama ya mguu kwenye mchanga, kwa fahari ya mtu anayeonyesha nyumba aliyoijenga. Nikafikiri: kumbe mnyama anaweza kuishi kwa kuwa mtu fulani, mbali sana, anatamani kumwona. Kisha, kabla sijafurahi vya kutosha, nikafikiri: na huyo mtu akiacha kutamani?

Jambo lililosisitizwa kuliko yote ni ukimya. "Mgeni tajiri ana kila kitu kwao," mkurugenzi alituambia. "Asicho nacho ni ukimya. Huo ndio tunaouza." Dereva alizima gari juu ya kilima cha mchanga, na hakuna aliyeruhusiwa kusema neno. Nilimwona mzee mmoja akivua kofia na kutokwa na machozi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na sinia la glasi, nikiogopa tumbo langu lisije likanguruma.

Mahema yetu yalitoka huko huko, rangi ya maziwa, na mapaa yake ya kufunguka. Yalishonwa kwa ajili ya nchi isiyo na mvua. Niliyashona yale mapaa mwenyewe kwa uzi wa nailoni, na bado yalivuja.

Miaka ile vita havikuwa vimekwisha. Vilihama tu kutoka kilima hadi kilima. Watu wa Masisi walikuwa wakifika kijijini kwetu na majembe begani, bila mahali pa kulima. Hata hivyo kijiji kilikuwa kimekubali jambo gumu: hakuna atakayekata mti wala kutega mtego ng'ambo ya kijito, kwa kuwa wageni wangekuja kuona gorila, na kwa ujio wao kijiji kingepata kituo cha afya, wagonjwa wasibebwe tena kwa machela njia yote ile hadi hospitali. Lakini makubaliano yalikuwa na mwisho. Msimu wa kupanda ukifika kabla ya mgeni wa kwanza, msitu ungegawanywa mashamba. Hakukuwa na ubaya katika neno hilo. Watu walikuwa na njaa.

Na wageni hawakuja. Kila walipopanga safari, redio ilitangaza mapigano mahali fulani, hata kama ni mbali nasi, nao wakaahirisha. Nilikunja taulo katika umbo la tembo, nikazikunjua, nikazifua, nikazikunja tena. Nilifanya mazoezi ya kusema karibu mbele ya kioo cha bafu, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, nikajiuliza kama natabasamu kupita kiasi, kama tabasamu dogo lingeonekana la huzuni, kama ni vyema kumpa mama mkono kwanza au mumewe. Baba yangu, mwenye duka mjini Kitshanga, alinipigia simu kila Jumapili baada ya misa.

"Bageni bamefika?"

"Bado, Papa."

"Sasa uko unauza nini kama hakuna muntu ya kununua?"

"Papa, hii si duka."

"Njo ile naogopa."

Kisha, msimu wa kupanda ukiwa karibu kabisa, mkurugenzi akanipigia kwa simu ya setilaiti. Mume na mke wazee, waliowahi kulala katika kambi ya jangwani, walikuwa wameamua kuja. Hawakuogopa redio. Wangetoka Goma alfajiri kwa gari na kutufikia alasiri. "Wape kile walichokipenda huku," akaniambia. "Wakipanda kilima, wasisikie kitu. Zungumza na kijiji."

Nilizungumza na kijiji. Tulikutana uwanjani mbele ya kanisa. Pembeni yangu alikaa mkuu wa wafuatiliaji wa gorila, mzee tuliyemwita Papa Pisteri, kwa kuwa pisteri ni mtu wa kufuata nyayo. Nikaeleza kwamba wageni wakianza kupanda, tungeomba vinu vinyamaze kidogo, na shoka, na redio.

"Na majogoo?" akauliza mwanamume mmoja. "Majogoo nayo iko na kikao yake?"

Watu wakacheka.

"Unaweka chini ya kitunga," akajibu mama mmoja. "Ikiona giza, inalala. Kama weye."

Wakacheka zaidi. Kisha mzee wa kijiji akasimama. "Muntu anatoka kwao mbali hivi kutafuta kimya," akasema, "na sisi tumupe nusu? Hapa kwetu mugeni hapewe nusu. Tumupe siku muzima. Toka asubui." Wakapiga makofi. Mama mpishi akaahidi kwamba sombe, yaani majani ya muhogo, ingetwangwa siku moja kabla. Papa Pisteri akasema hata mbuzi wangepelekwa bondeni. Nilirudi kilimani nikiwa na moyo mwepesi, na nikatafuta sababu ya kuogopa, kama kawaida yangu, nisiione.

Siku ile ilianza bila sauti. Sijawahi kukisikia kijiji kile hivyo, wala kingine chochote. Hakuna kinu, hakuna jogoo, hakuna mtoto anayeitwa. Milango ilikuwa imefungwa. Ukungu ulikaa juu ya mapaa, na moshi haukuonekana kwa kuwa wanawake, kwa heshima, hawakuwa wamewasha hata moto. Niliweka maua kwenye meza, nikasogeza chombo chake kushoto, kisha kulia. Nilijikuta nimeshavaa viatu na kukaza kamba zake. Nilidhani ni kwa ajili ya wageni.

Mimi ni mtoto wa Kitshanga. Nyumbani, kabla ya kufungua mlango asubuhi, mama yangu alisikiliza kwanza. Kinu cha jirani kikilia, alifungua. Kisipolia, alituamsha kwa kutushika mguu na kutuvisha viatu gizani, tukimbie, kwa maana mtaa ulionyamaza ni mtaa ambao watu wake wamekwisha kukimbia. Hilo nililijua kabla ya kujua kusoma. Kila mwanamke aliyepiga makofi pale uwanjani alilijua pia, na kila asubuhi alifanya vile vile. Hakuna hata mmoja wetu aliyelikumbuka. Sisi tulikuwa tukifikiria zawadi. Mimi nilikuwa nimefundishwa ukimya kama bidhaa, na bidhaa hiyo ilikaa kichwani mwangu katika kabati lake, mbali na viatu vya gizani.

Nyuma ya kilima cha jirani kuna kijiji kingine. Wao husikia vinu vyetu kila asubuhi, na asubuhi ile hawakusikia. Wakatega sikio. Ndipo kijana wa pikipiki, aliyepita kwetu akiwa na mzigo wa ndizi, akawafikia mbio: milango imefungwa, moto umezimwa, hata kuku hakuna. Hawakuuliza zaidi. Wakafunga magodoro. Kijiji kilichofuata kikawaona wakipita, nacho kikafunga.

Simu ililia kabla ya adhuhuri. Alikuwa dereva wa wageni.

"Kaka, barabara yote imejaa batu. Banakimbia na mbuzi, na masufuria, na yote."

"Banakimbia nini?"

"Banasema kwenu kumekwisha. Hakuna hata sauti."

"Ni sisi tumenyamaza! Tumenyamaza kwa ajili ya bageni!"

Nyuma yake nilisikia mwanamke akiuliza jambo kwa Kiingereza, kwa upole sana.

"Mumenyamaza," akasema dereva. "Batu bazima, na akili yenu, mumenyamaza. Kaka, niko nageuza gari. Pole."

Nilishuka mbio kijijini nikipiga kelele kwamba kelele sasa zinaruhusiwa. Lakini kutoka kijijini kilima cha jirani kinaonekana vizuri, na watu walikuwa wametoka nje wakitazama mstari wa magodoro ukishuka upande wa pili. Mama mpishi alikuwa tayari amefunga sufuria kwa kitenge.

"Mama, banakimbia sababu yetu! Balisikia kimya yetu!"

"Na weye unajua aje kama ni sababu yetu? Pengine bale bameona kitu."

Nilikuwa najua. Nilikuwa na maelezo yote, hatua kwa hatua. Lakini je, kama pamoja na kosa letu kulikuwa na kitu kingine kweli? Vita havingojei mtu amalize kukosea. Nikasimama pale nikilipima wazo hilo, na nilipomaliza kulipima nilikuwa nimeshabeba mtoto wake mdogo mgongoni, tukiwa katikati ya watu, tukivuka kijito. Kwa maana huko ndiko wanakojificha siku zote: msituni, ng'ambo, katika miti ileile tuliyokuwa tumeapa kutoigusa.

Tulikaa huko chini ya matawi hadi ilipojulikana wazi kwamba hakuna mtu aliyekuwa akitufuata. Nililala kati ya watoto wa Mama mpishi, kiwiko cha mmoja shingoni mwangu, na nililala vizuri kuliko katika hema lolote. Watu walipoelewa kilichotokea walicheka hadi wakashika mbavu. Walinicheka mimi, wakajicheka wenyewe, wakamcheka aliyefunika jogoo na kumsahau. Lakini walikuwa wamekata matawi, wamewasha moto, wamekanyaga ule udongo mweusi. Niliwaona wanaume wa Masisi wakiufinyanga mkononi na kuunusa.

Wageni walirudi Goma, wakaondoka nchini. Mkurugenzi akasema hangewaomba tena wengine waje, na kwamba nifunge kambi taratibu. Mkutano wa pili ulifanyika mahali palepale mbele ya kanisa. Nilikuwa nimetayarisha hotuba nyingi, na kila moja ilikuwa na jibu lake la kuiua. Nilipopewa nafasi, nilisema tu kwamba gorila hawana pengine pa kwenda.

"Na sisi?" akauliza baba mmoja wa Masisi. Hakuuliza kwa hasira. Alikuwa na mtoto mapajani.

Papa Pisteri aliomba angalau nusu. Wakabishana hadi jua likashuka, kisha wakampa: upande wa juu wa msitu, hadi kwenye mwamba, ungebaki kwa gorila hadi mavuno, upande wa chini ungegawanywa. Nilishangaa kwamba walitupa hata hiyo. Mama mpishi aliniambia kwamba wengi waliona aibu kwa ajili ya wale wazee wawili waliotoka mbali wakaishia barabarani.

Kambi ilipofungwa hakukuwa tena na haja ya kuzunguka mahema. Nilichagua moja na kukaa humo, nikiwa peke yangu zaidi kuliko zamani kwa kuwa hata kuhama hakukuwepo. Mama mpishi alikuwa hapandi tena kilima ila kwa salamu. Siku moja Papa Pisteri alikuja kunichukua twende tukaone kama gorila wamekubali upande wao. Tulitembea tukifuata alama za panga kwenye miti, tukapita mwamba, tukazunguka hadi juu kabisa. Hakukuwa na kinyesi kipya wala jani lililotafunwa. Tukashuka. Chini, katika kipande kilichokwisha kugawanywa, tulivikuta vitanda vyao: majani yamekunjwa kwa duara, bado yana joto la miili, kimoja kikubwa na vingine vimekizunguka, na kidogo kimoja kando.

Papa Pisteri alivua kofia akakuna kichwa.

"Bao habakukuwa mu mukutano," akasema.

Kisha akaniuliza kama namjua mama aliyepewa kipande kile. Nilikuwa namjua, alikuwa ametoka Masisi na watoto wake mwezi uliopita. Tukashuka kumtafuta kabla hajanoa jembe, tumwombe aanze kulima kwa upande wa kijito, mbali na vitanda vile.