Shamba la Zuweina Kiooni

Mguu ulipomlaza Zuweina kitandani, binti yake Samiha alimletea kutoka Maskati mashine ya gemu, ile ya kushika mkononi. Abdulsamad, fundi simu wa Wete, akaichokonoa, akatia mambo yake ndani, ikawa inacheza gemu zisizonunuliwa. Zuweina alichagua moja tu, ya shamba. Akapanda, akavuna, akafuga. Ng'ombe mmoja akampa jina la wifi yake, Nihal.

"Anakula, hashukuru," alimwambia mumewe.

Zahran akacheka mpaka akakohoa. Nihal alikuwa dada yake.

Zuweina alipofariki, nguo zake zilitolewa sadaka, kanga wakagawana jamaa. Mashine Zahran aliizuia. Kila akisha kusali alasiri huifungua, akalisha, akamwagilia. Maandishi ya kiooni hakuyajua. Skuli hakuingia, alichosoma ni msahafu, chuoni, utotoni. Ya mashine alifundishwa na Zuweina, kidole juu ya kidole.

Siku ya hitima Samiha aliwagawia wageni intaneti ya simu yake, wapate kuwaonyesha ndugu wa Maskati ile dua. Mashine ilikuwa chumbani, inachaji. Intaneti ya simu ile mashine iliijua tangu Maskati, ikajiunga yenyewe. Hakuna aliyeikumbuka.

Kesho yake, Zahran alipoifungua, mbele ya shamba palisimama dirisha jeupe lenye maandishi, na chini yake vitufe viwili, ubavu kwa ubavu. Akaizima. Akaiwasha. Dirisha lipo.

Akaipeleka Wete. Abdulsamad aliitazama, uso ukambadilika.

"Mzee Zahran, umeiunganisha na mtandao?"

"Mie? Mie hata redio huwashiwa."

"Basi imejivutia yenyewe. Kuna toleo jipya la programu yake, lataka kuingia. Kazi yangu mie imekaa juu ya toleo la zamani. Likiingia jipya, kazi yangu haifunguki tena. Na kurudi nyuma hakuna."

"Na shamba?"

"Lafungiwa humo humo. Niachie nilifute hilo toleo. Keshokutwa njoo."

Zahran alizitazama simu za watu mezani, zimepasuliwa matumbo, vumbi juu yake.

"Nipe."

"Unajitafutia balaa, mzee wangu."

"Nyumba ina kiza, mwanangu. Nipe."

Fundi akashusha pumzi. "Basi sikiliza. Kila likitoka dirisha, kitufe cha kwanza usikiguse. Hicho ndicho cha kukubali. Bonyeza cha pili, lipite. Sema."

"Cha pili."

"Tena."

"Cha pili. Wanifanya mtoto wa chuo."

Njia nzima alikariri, midomo ikimcheza. Mashine mfukoni ilikuwa na joto, kama kitu kinachopumua.

Alisali alasiri, akakaa kitandani, upande wake. Akaifungua. Dirisha likatoka. Akaweka kidole kulia, pale unapoanzia kila mstari aliopata kuusoma maishani mwake. Cha kwanza. Akakisogeza kushoto. Cha pili.

Akabonyeza.

Kioo kikawa cheusi. Ukatoka mstari mwembamba, ukaanza kurefuka pole pole. Ulitokea kushoto, ukaenda kulia. Zahran aliufuata kwa macho, na kabla haujafika mwisho moyo ulikwisha kumwambia.

Asubuhi alikuwa wa kwanza dukani.

"Ulibonyeza kipi?" aliuliza Abdulsamad.

"Cha pili."

"Hebu nionyeshe."

Zahran akagusa kioo kulia. "Moja." Akagusa kushoto. "Mbili."

Fundi alikitazama kile kidole.

"Sikukwambia upande," alisema.

"Hukuniambia."

"Nitajaribu, mzee wangu. Lakini nisikudanganye, sioni pa kupitia."

Zahran akakaa kwenye benchi la wateja.

"Humo ndani," akauliza, "siku zaenda?"

"Zaenda. Saa yake haisimami."

"Na hakuna wa kulisha."

Abdulsamad akachukua bisibisi, akaiinamia mashine. Adhuhuri ikaadhiniwa, watu wakapita kuelekea msikitini, wakamsalimu Zahran. Aliitikia, hakuinuka.