Njia Kati ya Jikoni na Kisima

Juzi nilikuwa kwa wakili mmoja hapa Busia, nikingoja kuapa kwamba kitambulisho changu kimepotea. Mbele yangu mama mmoja mzee alikuwa akiuza nyumba yake, mojawapo ya zile za zamani zenye baraza, nyuma tu ya soko. Mnunuzi alikuwa wakala wa forodha, wale wanaowavushia watu mizigo mpakani.

Wakili akasoma mkataba: nyumba inauzwa bila mtu mwingine yeyote kuwa na haki nayo. Mama akainua kidole.

"Andika na wale wanaopita."

"Wapangaji?"

"Hapana. Wanapita kati ya jikoni na kisima, wanaenda Uganda. Jioni wanarudi."

Wakala akacheka. "Mama, hiyo ni njia ya panya. Mimi nitaweka ukuta."

Mama akaifunika kalamu kwa kifuniko chake, akaiweka mezani polepole.

"Panya ni nani, boss? Kwetu ni ng'ambo. Siku ya kuolewa nilipitia hapo hapo."

Wakala akaitazama kalamu, kisha dari. Nyumba karibu na soko hazipatikani ovyo.

"Wakili," akasema, "andika geti litakuwa wazi asubuhi hadi jioni."

Mama akafungua kalamu, akatia sahihi.

Mimi niliondoka nikimwaza mnunuzi. Kutwa nzima anakimbizana na mihuri ili lori moja livuke, halafu jioni anarudi kwake, ambako mpaka unavukwa kwa kusema hodi.