Ukuta Uliobeba Mgongo wa Daudi

Tulimzika mama yetu, jina lake Sikujua, siku ya Ijumaa, baada ya swala, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ninaandika ili wajukuu wake wajue habari ya ukuta ule unaoelekea mlango.

Nyumba yetu hapa Kisangani ilikuwa ya udongo, kuta zote nyeupe kwa chokaa. Mwaka wa uhuru, Mama alisema sebule yetu haina uso. Alivuka mto kwa mtumbwi hadi Lubunga, akarudi na kapu la udongo mwekundu, akaukoroga na uji mwepesi wa muhogo ili ukikauka usishike nguo za wageni. Akapaka ukuta mmoja tu. Baba yetu Alfani, fundi cherehani, ambaye Mama alimwita papa Daudi kwa jina la kaka yangu, aliinua macho kwenye kazi yake.

"Moja tu? Na ile ingine tatu imekosa nini?"

"Bibi-arusi iko mumoja, papa Daudi. Wote wakipaka wanja, utamujua nani?"

Baba alicheka mpaka akapotosha mshono. Tangu hapo, kila Idi ilipokaribia, Mama aliupaka upya, na majirani wakamwita akawachagulie ukuta wa kupamba nyumbani kwao.

Mwaka wa maasi, kaka yangu Daudi alirudi kutoka swala ya Idi amevaa kanzu mpya, akauegemea ukuta ule kabla haujakauka. Kanzu ikawa nyekundu. Ukutani kukabaki mgongo wake, mabega na yote. Mama alimkimbiza na mwiko.

"Mutu muzima unaegemea bibi-arusi! Huna haya?"

"Mama, ni yeye alinikumbatia!"

Miezi michache baadaye watu wenye silaha waliingia mjini, wakamchukua Daudi awabebee mizigo. Hatukupata habari zake tena.

Idi iliyofuata, Mama hakuvuka mto. Ukuta ulipauka, ukapasuka pembeni, naye hakuugusa. Colette, jirani yetu wa ukoo wa wavuvi wa maporomoko, alimwambia kwa upole, "Mama Daudi, kuacha kivuli cha mutu kwa nyumba ni kuita kilio. Paka, bon, upumzike."

"Siku nitaipaka, nitakuwa nimemuzika. Mungu bado hajaniambia nimuzike."

Hata Baba alimsihi. Mama alikuwa akitandika mswala wake mbele ya alama ile, na mimi nilijua anamwombea nani.

Idi zikapita. Asubuhi moja mtu mwembamba, mwenye ndevu, alisimama mlangoni. Alikuwa ametembea siku nyingi msituni kutoka upande wa Opala. Alikwenda ukutani, akageuka, akaweka mgongo wake pale palipokuwa pake. Alama ikamzidi kila upande.

Mama alimtazama. Akasema Alhamdulillahi. Kisha akaingia jikoni, akarudi na bakuli la muhogo.

"Kwanza kula, ujaze ile nafasi. Kisha utapaka. Ulichafua wewe."

Daudi alikula akilia. Alipopata nguvu alivuka hadi Lubunga mwenyewe, na tangu mwaka ule kazi ya ukuta ikawa yake, Mama ameketi nyuma akimkosoa.

Jana, kabla ya watu kuja kutupa pole, Daudi aliupaka tena. Kisha akakaa mkekani karibu na mlango, akimwambia kila aliyeingia:

"Karibu. Musiegemee, ingali mubichi."